Siku 15 Sri Lanka kwa basi na treni: mahekalu, milima ya chai na mengineyo (uzi mrefu, beba maji)

Mchuma_Majani (mwanzisha uzi)

Habari za humu wakuu. Wiki iliyopita kuna mtu aliuliza kama ipo nchi mtu wa kipato cha kawaida anaweza kwenda akaona vitu vya maana bila kuuza kiwanja, nikamjibu Sri Lanka, nikaahidi nitaandika. Leo nimepata muda na umeme upo, sa tuanze kabla haujakatika.

Kwanza mjue naongea kama nani. Mimi ni mtoto wa Rungwe, nimekulia kwenye chai, mama yangu ana ekari moja na nusu na hadi leo anachuma mwenyewe. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mzani wa majani mabichi. Kwa hiyo tangu mdogo nikiona lile neno Ceylon, jina la zamani la Sri Lanka, kwenye pakiti za chai za dukani nilikuwa najiuliza hawa wenzetu wana nini ambacho sisi hatuna. Wazee wetu walikuwa wanaita Seloni. Mwezi wa 2 mwaka 2024 nikaenda kuangalia mwenyewe.

Kisiwa chenyewe ni kilometa za mraba elfu 65 na kitu, yaani ukikiingiza ndani ya Tanzania kinakaa kama mara 14. Usidanganyike lakini, kilometa 100 kule kwa basi ni masaa matatu hadi manne maana barabara nyembamba, zina kona, na kila kijiji basi linasimama. Mabasi mekundu ni ya serikali, yanaenda taratibu. Ya watu binafsi yana rangi zote, redio juu, taa za miungu kwenye dashibodi, na dereva ana haraka kama kuna mtu anamdai. Niliyapanda yote mawili na bado niko hai.

Naendelea, naandaa chai.

Kaa_La_Moto

Nimeketi mkuu. Picha tafadhali.

msafiri_bajeti

Kabla hujaenda mbali, mwezi wa 2 uliuchagua kwa sababu gani? Maana mimi likizo yangu ni mwezi wa 7, nisije nikaenda kulowana tu.

Mchuma_Majani

Picha zinagoma kupanda, nikipata waifai nitaziweka.

Swali zuri sana hilo la miezi, na watu wa pwani mtanielewa haraka kuliko wa bara. Pepo zao ndo pepo zetu zilezile. Kaskazi na kusi! Kusi ikivuma, mwezi wa 5 mpaka wa 9 hivi, inamwaga mvua upande wa magharibi na kusini mwa kisiwa pamoja na milima ya chai. Kaskazi inapogeuka, mvua inahamia mashariki. Mimi nilitaka mahekalu, milima na pwani ya kusini ndo maana nikaenda mwezi wa 2. Wewe wa mwezi wa 7 nenda mashariki, Trincomalee na Arugam Bay kutakuwa kukavu, na sehemu za kale za katikati bado zinatembeleka. Milimani beba koti la mvua na ujiandae kwa ruba, wale wadudu wanapanda kwenye soksi hujui hata wameingia saa ngapi, unashtuka damu tu.

Sharifu_wa_Malindi_Unguja

Ahsante kwa hilo la pepo. Ndizo hizo hizo zilizokuwa zikipeleka majahazi. Waarabu wakikiita kisiwa hicho Sarandibu, na mabaharia wa zamani wa huku pwani wakilijua jina hilo. Endelea sheikh.

Mchuma_Majani

Haya tuingie kazini. Uwanja wa ndege uko Katunayake, kama kilometa 30 na ushee kutoka Colombo, sikuingia hata mjini, nililala Negombo usiku mmoja, asubuhi nikachukua basi la Anuradhapura.

Anuradhapura ni mji wao mkuu wa kale, umedumu zaidi ya miaka elfu moja. Kuna majengo ya ibada ya Kibudha yanaitwa stupa, fikiria bakuli limefunikwa kichwa chini, juu likawekewa mnara, jeupe, halafu kubwa kuliko kilima. Moja linaitwa Jetavanaramaya, ni matofali matupu ya kuchoma, enzi zake lilikuwa na mita 122, dunia ya kale ni mapiramidi mawili tu ya Giza yaliyolizidi urefu. Na kuna mti! Mti wa Bodhi wenye uzio wa dhahabu, wanasema ni tawi la ule mti ambao Budha alikaa chini yake kule India, ulipandwa karne ya 3 kabla ya Kristo na umetunzwa bila kuachwa hata siku moja. Mti una rekodi ya walinzi tangu hapo. Sisi hata muembe wa shule ya msingi hatujui nani alipanda.

Sa hapa ndo nikapatikana. Kwenye hekalu lolote unavua viatu na kofia, nguo ifunike mabega na magoti. Mimi nikavua viatu saa 7 mchana. SAA SABA. Uwanja wa Ruwanwelisaya, stupa jingine la pale, umesakafiwa kwa mawe, unauzunguka mzima, na jua limeupika tangu asubuhi. Hatua tano za kwanza nilijikaza kiume, ya sita nikaanza kuruka, wakuu nilicheza ngoma ya kwetu pale mbele ya watawa, watu wamevaa nyeupe wanasali kimya mimi narukaruka kama niko kwenye harusi. Kibibi mmoja mwenye maua ya yungiyungi kwenye sinia akanitazama, hakucheka, akainua kidogo sketi yake ndefu akanionyesha miguuni. Amevaa soksi. Soksi zinaruhusiwa! Nimeenda kilometa maelfu kufundishwa na bibi kwamba soksi zipo. Tangu siku ile nilitembea na jozi mbili mfukoni, na ushauri wangu mkubwa kwenye uzi wote huu ni huo, mengine mkisahau sawa.

Kaa_La_Moto

Hahaaaa nimecheka mpaka bosi kaniangalia. Ngoma ya kwenu ipi, ling'oma?

Mtumishi_Wa_Bwana

Kwa hiyo ulienda kuzunguka masanamu. Kijana mwenye mama anayechuma chai, hela ungemjengea choo.

Mchuma_Majani

Mtumishi choo kipo na cha kuflashi. Na sikwenda kusujudu, nimekwenda kuangalia kazi ya mikono ya watu, hata wewe ukienda Bagamoyo huwi Mjerumani.

Ila kwa wengine umenikumbusha jambo la maana. Kule dini ya watu haifanyiwi mchezo. Usipige selfi umeupa mgongo uso wa Budha, wanaona ni dharau, ukitaka picha geuka mtazame au pigwa ubavuni. Mwaka 2012 kuna watalii wa Kifaransa walipigwa kifungo cha nje kwa sababu ya picha za kubusu sanamu, na 2014 mama mmoja wa Kiingereza alirudishwa kwao kwa kuwa na tatuu ya Budha kwenye mkono. Mwenye tatuu ya namna hiyo avae mikono mirefu. Na kila mbalamwezi ikikamilika ni sikukuu ya taifa, wanaiita Poya, siku hiyo pombe haiuzwi. Ilinikuta Ella, wazungu walikuwa wanyonge kweli.

Mama_Kijacho

Sigiriya je? Ndo nimeiona mitandaoni, lile jiwe. Inafaa kulipia ile hela?

Mchuma_Majani

Dada yangu inauma, ni dola 30 na kitu kwa mgeni, mwenyeji analipa hela ya soda. Lakini lipa. Nitakuambia kwa nini.

Jiwe limesimama peke yake porini, karibu mita 200 kwenda juu, kuta zake zimenyooka kama mkate uliokatwa. Karne ya 5 alikuwepo mfalme anaitwa Kashyapa. Huyu bwana alimpindua baba yake Dhatusena akamuua. Masimulizi yao yanasema alimtesa aonyeshe hazina iko wapi, mzee akampeleka kwenye bwawa kubwa alilolichimba, akachota maji mkononi akasema hazina yangu ndo hii. Mtoto akakasirika akamjengea ukuta akiwa hai. Ndugu wa kambo, Moggallana, ambaye ndo alikuwa mrithi halali, akakimbilia India. Kashyapa akawa halali usingizi, akahamia juu ya jiwe, akajenga ikulu huko juu na mabwawa ya kuogelea, akakaa kuanzia 477 mpaka 495 akimsubiri ndugu yake. Na ndugu akaja. Wanasema vitani tembo wa Kashyapa aligeuka kukwepa tope, jeshi likadhani bosi anakimbia likatawanyika, akabaki peke yake akajichinja.

Sa wewe unapanda ngazi kama 1,200 unawaza hayo. Katikati kuna ngazi ya chuma ya kuzunguka inakupeleka kwenye michoro ya wanawake ukutani, rangi bado mbichi kabisa baada ya miaka 1,500, picha hairuhusiwi. Pembeni kuna ukuta uliong'arishwa ukawa kama kioo, na watu waliokuja kutembea toka karne ya 8 waliandika mashairi yao humo, mamia, wengi wanawasifia wale wanawake wa kwenye michoro. Yaani wameanza kukomenti kabla yetu miaka 1,200. Juu zaidi kuna makucha mawili ya simba ya tofali, kila kucha ni refu kuliko mtoto, zamani ulikuwa unaingia mdomoni mwa simba ndo unafika kwa mfalme, kichwa kilishaanguka.

Vibao vya kukataza kelele msivipuuze, kwenye mwamba kuna viota vya nyigu wakubwa na wakichokozwa panafungwa. Nenda asubuhi kabisa. Asiye na hela apande Pidurangala, jiwe la jirani, bei chee na unaliona Sigiriya lote mbele yako, ila mwishoni kuna kujikunja kwenye mawe, mwenye magoti mabovu asijaribu.

Dambulla iko karibu hapo, mapango matano yamejaa sanamu zaidi ya 150 na dari imechorwa yote utadhani kitambaa kimetandikwa juu ya mwamba. Nusu siku inatosha. Polonnaruwa kodi baiskeli, zunguka magofu, malizia Gal Vihara, Budha wa mita 14 amelala, amechongwa kwenye jabali lilelile, ukiangalia mto chini ya kichwa chake umebonyea kidogo. Jiwe limebonyea kama godoro! Nilikaa hapo lisaa zima. Aliyejenga alikuwa Parakramabahu, mfalme wa karne ya 12, ndo alichimba na lile ziwa la pale mjini, kwa macho ni kama bahari.

Kericho254

Boss umetupeleka mbio sana lakini mimi nangoja chai. Huku kwetu ni majani chai kila mahali hadi unaota, sasa niambie hawa watu wana nini kutushinda.

Mchuma_Majani

Tunafika kaka, lazima tupite Kandy kwanza maana treni inaanzia huko.

Kandy nitaharakisha. Kuna hekalu la Jino la Budha, jino lenyewe huoni, unaona kasha la dhahabu lililo na makasha mengine ndani yake, na hilo kasha unaliona kwa sekunde kadhaa dirishani huku foleni inakusukuma. Zamani mwenye jino ndo mwenye nchi. Ufalme wa Kandy ndo ulikuwa wa mwisho kuanguka, Waingereza waliuchukua 1815. Kilichonishika mimi ni ngoma za ibada ya jioni, zinapigwa pale chini wakati watu wanapanda na maua, mapigo yanaingia kifuani. Ukienda mwezi wa 7 au 8 utakuta maandamano ya Esala yenye tembo waliovishwa nguo, ila vyumba vinapanda bei.

Hapo Kandy ndo nikapigwa. Dereva wa bajaji (ndiyo, bajaji zilezile za Mhindi, wao wanaita thriwila) akaniambia nakupeleka bustani ya viungo bure. Bure! Nikaoneshwa pilipili manga, iliki, mdalasini, nikapakwa mafuta mgongoni nisiyoyaomba, mwishoni nikajikuta nimelipa kama dola 40 kwa chupa mbili za mafuta ya kuotesha nywele. Mimi nina upara.

Sharifu_wa_Malindi_Unguja

Lahaula. Umevuka bahari kwenda kuoneshwa mdalasini wakati mashamba ya viungo ya Kizimbani yapo hapa, tungekuonesha bila kukupaka.

Mwana_wa_Keya

Naomba nichomekee kidogo, samahani mwenye uzi. Babu yangu alikuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza huku kwetu, alikwenda vita vya Bama (Burma), na alikuwa anaitaja hiyo Seloni. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikaa huko kufanya mazoezi kabla ya kuingizwa Bama 1944. Na kuna meli, Khedive Ismail, ilitoka Kilindini kwenda Colombo imejaa wanajeshi wakiwemo wapiga mizinga wa kwetu, nyambizi ya Kijapani ikaizamisha karibu na Maldives tarehe 12 mwezi wa 2 1944, wakafa watu karibu 1,300. Babu hakuwa kwenye hiyo, alikuwa na rafiki yake humo. Alikuwa anasema kisiwa kina nazi kama kwao Lindi na watu wake wanakula kwa mkono, basi akajiona nyumbani.

Mchuma_Majani

Mkuu hii sikuwa naijua na nilipita hukohuko mwezi uleule wa 2. Heshima kwa babu. Na ni kweli kuhusu nazi, wana mbuzi ya kukunia, wana tui, wana dafu la rangi ya machungwa wanauza kila kona. Asubuhi wanakula kitu kinaitwa appa, unga wa mchele na tui, kinachachuliwa, kinapikwa kwenye kikaango cha duara, ni ndugu wa vile vibibi vya kwetu vya unga wa mchele kabisa. Fenesi changa wanapika mchuzi, usipoambiwa unaapa ni nyama.

Binti_Doha

Mimi nafanya kazi Doha na wenzangu wanne ofisini ni wa huko, nimekwenda nao mara mbili, nilikaa kwa wazazi wao. Kuna jambo lilinifurahisha. Mezani mama wa rafiki yangu akasema "mese", mimi nikageuka, nikamwuliza umesemaje, akagonga meza. Kabati la nguo wanaita almariya, na bibi yangu Mombasa mpaka anakufa alisema almari. Kitambaa cha mkononi ni lensuwa, leso hiyo. Sote tumeachiwa na Wareno, kwao walifika 1505, Mholanzi akawatoa 1658.

Kwa dada aliyeuliza Sigiriya, ukienda peke yako ni salama kwa kiasi kikubwa ila mabasi yakijaa kuna wanaume wana mikono, kaa na wanawake wenzio, na ukiguswa piga kelele, abiria watakutetea. Beba kanga mbili. Nilifunika miguu hekaluni, nikalalia kwenye treni, nikajifutia baharini.

Mchuma_Majani

Treni sasa. Kandy mpaka Ella ni masaa 6 au 7 kwa kilometa ambazo kwa gari ungemaliza nusu ya muda. Tiketi zenye siti zinaisha mapema mno, wanaofungua mtandao mwezi mmoja kabla wanazifagia. Mimi nilichukua daraja la 3 bila siti, haifiki hata dola 3, nikasimama masaa mawili ya kwanza, mpaka kundi la watu liliposhuka ndo nikapata mlango. Mlango unakaa wazi, unakaa kizingitini miguu inaning'inia nje. Wauzaji wanapita na beseni kichwani wanaimba "wade wade wade", ni bajia za dengu, nyingine zimebandikwa kamba mzima na miguu yake. Yangu ilifungwa kwenye karatasi ya daftari la mtoto wa shule, hesabu za kugawanya, mwalimu kampa 4 kati ya 10. Nikaona kumbe duniani kote mambo ni yale.

Treni inapanda mpaka stesheni ya Pattipola, karibu mita 1,900 juu ya bahari, baridi inaingia na ukungu unakuja mpaka kwenye magoti yako. Na kuanzia Hatton ni chai. Chai kulia, chai kushoto, chai mpaka kwenye miinuko ambayo nikiwa kwetu ningesema hapa hata mbuzi hapandi.

Nilishuka Hatton kwanza kwenda Sri Pada, kilele cha Adamu. Mita 2,243. Juu kuna unyayo kwenye jiwe, Wabudha wanasema wa Budha, Wahindu wanasema wa Shiva, Waislamu na Wakristo wanasema wa nabii Adamu aliposhushwa, na wote wanapanda njia moja usiku mmoja bila kugombana. Ibn Battuta aliupanda 1344, huyuhuyu aliyepita Mombasa na Kilwa 1331. Ngazi ni kama 5,500. Nilianza saa 8 usiku. Kuna vibanda vya chai njia nzima na taa, ukiangalia juu unaona taa zinapanda mpaka zinachanganyika na nyota na ndo unakata tamaa. Vibibi vya miaka 70 pekupeku vinanipita. Juu kuna kengele, unagonga mara moja kwa kila safari uliyowahi kupanda, mbele yangu mzee mmoja aligonga nikahesabu mpaka 20 nikaacha. Nilishuka ngazi kinyumenyume, magoti yamegoma, siku mbili sikuweza kukaa chooni vizuri, mnisamehe wanaokula.

Kericho254

Chai boss. CHAI.

Mchuma_Majani

Haya kaka, kaa vizuri.

Kabla ya chai kisiwa kile kilikuwa kahawa. Mwaka 1869 ukaingia ugonjwa wa kutu ya majani, ukaila kahawa mpaka karibu yote kwisha. Miaka miwili kabla, 1867, Mskoti mmoja James Taylor alikuwa amepanda ekari 19 za chai sehemu inaitwa Loolecondera, basi kahawa ilipokufa wote wakamkimbilia. Wachumaji walioletwa ni Watamil kutoka kusini mwa India, wakajengewa nyumba za mstari, chumba kimoja familia nzima, na zile nyumba zipo mpaka leo na watu wamo. Nchi ilipopata uhuru 1948 ikatungwa sheria ya uraia, wengi wao wakaachwa bila nchi yoyote, hawatakiwi huku hawajulikani kule. Kulimaliza hilo kulichukua mpaka 2003.

Kiwandani karibu na Nuwara Eliya nilizungushwa na binti. Wao sehemu kubwa hawasagi kama sisi. Majani yananyaushwa kwenye mabeseni marefu ya wavu kwa upepo, yanasokotwa na mashine za shaba zinazozunguka taratibu kama mtu anasugua viganja, yanaachwa yageuke rangi, yanakaushwa, yanachekechwa. Kwetu na kwenu Kericho tunakatakata mpaka inakuwa punje, inatoa rangi haraka, ndo maana chai yetu ikinusa maji tu imeshakuwa nyekundu. Wanagawa pia kwa mwinuko, ya chini ya mita 600, ya kati, na ya juu ya mita 1,200 ambayo pale kiwandani ndo ilikuwa ghali. Nikaonjeshwa bila maziwa bila sukari. Nyepesi, ina harufu kama ya ua. Nzuri, sitasema uongo.

Lakini nilipotoka nje nikaingia kibanda cha wenyeji ng'ambo ya barabara. Mzee anachuja chai vumbi, ileile dasti, anatia maziwa ya unga vijiko viwili, sukari inasimamisha kijiko, anaimimina kutoka jagi moja kwenda jingine mpaka ina povu. Ile nzuri imepanda meli. Nikacheka peke yangu, maana Tukuyu ni hivyohivyo.

Kesho yake nikiwa natembea mashambani nikakuta akina mama wanachuma. Kiroba kinaning'inia mgongoni kwa kamba iliyopita utosini, kiunoni wamejifunga nailoni kwa ajili ya umande, kama mama yangu kabisa isipokuwa sisi tunabeba kapu. Watalii walikuwa wanawapiga picha wanawapa noti. Mimi nikaomba nichume. Wakacheka, mmoja wa umri wa mama akanisogezea kichaka. Nikaingiza mikono miwili, majani mawili na chipukizi, nikavunja kwa dole gumba bila kuvuta, nikajaza viganja, nikamtupia kirobani kwa nyuma. Akanyamaza. Akanishika mkono wa kulia akaugeuza, akaangalia ubavu wa kidole cha shahada, pale ambapo utomvu unaacha weusi na ngozi inakuwa ngumu. Wangu umeshalainika siku hizi, lakini alama ipo. Akanionyesha wake. Hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja, mimi nikasema "amma", mama, nikaonyesha mbali kwa mkono, akaelewa.

Kijana wa shule aliyekuwa karibu akatutafsiria. Kilo 18 ndo siku inahesabika nzima, hujafikisha wanakata. Malipo ya siku wakati ule yalikuwa rupia 1,000, kama dola 3 na senti, elfu 8 yetu hivi. Na mzani unapunguzwa kwa maji na uzito wa kiroba. Nikamwuliza wanapunguza kwa kipimo gani, akacheka na wenzake wote wakacheka. Hilo swali hata mama yangu huwa anacheka.

Kericho254

Hapo kwa mzani umenigusa. Mamangu pia amechuna miaka thelathini. Huku sasa ni mashine, 2023 watu walikasirika wakazichoma. Na hawajatushinda kwa mauzo, mnada wa chai Mombasa ndio mkubwa zaidi duniani kwa chai nyeusi, ni jina tu wametushinda. Wao wanauza jina, sisi tunauza kilo wengine wanaenda kuchanganya.

Mchuma_Majani

Umemaliza kaka. Hilo ndo nililoliona.

msafiri_bajeti

Safari za wanyama vipi, Yala na kwingine?

Mchuma_Majani

Sikwenda. Naomba niseme kitu wazungu watanichukia, sisi wenye Ruaha na Serengeti kulipa dola kadhaa kukaa foleni ya magari ya jeep kumvizia chui ni kujidhulumu. Isipokuwa kama uko mwezi wa 8 au 9 pita Minneriya, tembo mamia wanakusanyika kwenye bwawa likikauka. Au nyangumi wa bluu kule Mirissa, hao hatuwaoni kirahisi. Hela yako peleka Horton Plains, unatembea asubuhi mbugani kwenye baridi halafu ardhi inaisha ghafla, ukingo wa mita zaidi ya 800 chini yako. Fika kabla ya saa 4, baadaye ukungu unajaa unalipia kuangalia pazia. Na Ella daraja la matao tisa, lilikamilika 1921, mawe na matofali bila nondo, kaa mgahawa wa juu subiri treni, usitembee relini kama wale vijana.

Mama_Kijacho

Asante kaka nimeandika yote. Swali la mwisho la umbea, mama ulimletea nini?

Mchuma_Majani

Nusu kilo ya ile ya mwinuko wa juu, ya ghali, kwenye kopo. Nikamweleza hii usichemshe, mimina maji ya moto subiri dakika tatu unywe mkavu. Akasema sawa mwanangu. Nilivyotoka kuoga nikakuta imo kwenye sufuria na maziwa, tangawizi na sukari, inatokota. Akaonja, akaongeza kijiko cha majani, akaonja tena, akasema watu wazuri hao ila chai yao haijakolea.

Kericho254

Mwambie mama kuna mtu Kericho amemsalimia sana.

Mchuma_Majani

Zimefika. Picha nitapandisha kesho nikiwa mjini, na yule anayetaka mpangilio wa siku kwa siku aniambie ana siku ngapi.